Saladi ya Matango ya Kijerumani, na Sahani Tuliyoisukuma



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeotesha katika ardhi kila namna ya mboga na matunda, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Wasomaji wetu wapenzi, wiki hii tunaingia jikoni. Tunajua wako watakaocheka: sheikh na kisu cha matango wapi na wapi? Lakini jambo tunalotaka kulieleza lilitufika mezani, na adabu za kula ni mlango mmojawapo katika milango ya elimu ya dini yetu. Tena siku hizi tunaulizwa sana na akina mama ambao watoto wao wameoa au wameolewa Ulaya: tukienda kwa wakwe zetu tule nini, na tuache nini? Tumeona jibu lililo bora ni kusimulia kosa letu wenyewe, kisha tuwafundishe chakula chenyewe kilichotukosesha, ili faida iwe mbili.

Mpwa wetu, mtoto wa dada yetu, anaishi na kufanya kazi Hamburg, mji mkubwa wa bandari ulio kaskazini mwa Ujerumani, kando ya mto Elbe. Huko alimwoa binti wa Kijerumani aliyesilimu kabla hawajajuana. Mola alipowajaalia mtoto wa kiume, tuliitwa kwenda kuhudhuria akika. Tulifika mwezi wa Juni, wakati ambapo jua la nchi ile halina haraka ya kutua. Magharibi huingia karibu saa nne za usiku, na mgeni wa Mombasa hukaa akitazama saa yake asiiamini.

Siku ya Jumapili mama mzazi wa binti yule, bibi wa makamo ambaye si Mwislamu, alitualika nyumbani kwake kwa chakula cha mchana. Tulikuta meza imeandikwa vizuri. Palikuwa na samaki waliokaangwa kwa siagi, viazi vya kuchemsha, na katikati bakuli la kioo. Ndani ya bakuli mlikuwa na matango yaliyokatwa membamba hata nuru inapenya, yamechanganywa na kitu cheupe kizito, na juu yake vijani vya kijani vilivyo vyembamba mfano wa unyoya. Harufu yake ilikuwa ya uchachu.

Kabla ya safari tulikuwa tumejisomea kwamba Wajerumani hupenda kutumia siki ya mvinyo. Basi uchachu ule ulipotufika puani, tukahukumu. Hatukuuliza. Mama yule alitupakulia kisahani, akakiweka mbele yetu kwa mikono miwili; nasi tukakisukuma kando kwa ncha za vidole, tukatikisa kichwa. Alikitazama kisahani, akautazama mkono wetu, kisha akakichukua na kukirudisha jikoni bila ya kusema neno. Chakula kiliendelea, lakini meza ilikuwa imepoa.

Tukiwa njiani kurudi, ndani ya treni, mke wa mpwa wetu alikaa kimya na mtoto kifuani. Tulipokaribia kushuka ndipo akasema, kwa Kiswahili chake cha kujifunza:

"Mjomba, mamangu hutia siki siku zote. Juzi alinipigia simu akaniuliza kama siki yake inafaa kwa mgeni Mwislamu. Nikamwambia, bora limau. Akakamua malimau matatu. Akanunua kisu kipya na ubao mpya wa kukatia, kwa sababu vile vya zamani vimekata nyama ya nguruwe."

Hakuongeza la pili, wala hakutulaumu. Ingekuwa nafuu kwetu kama angetulaumu.

Usiku ule, mfupi kama ulivyokuwa, hatukulala. Miaka mingi tumewasomesha vijana aya ya kumi na mbili ya Suratul Hujurat, inayowaamrisha waumini kujiepusha na dhana nyingi, kwa kuwa baadhi ya dhana ni dhambi. Tumeisherehesha misikitini, tumeipigia mifano ya majirani na mifano ya wafanyabiashara. Haikutupitia akilini kwamba mtu anaweza kuivunja kwa kusukuma kisahani cha matango.

Kesho yake tuliomba turudishwe. Tukapita kwanza mtaa wa St. Georg, karibu na stesheni kuu ya treni, kwenye maduka ya Waturuki na Waarabu, tukanunua boksi la tende. Mama yule alitufungulia mlango mwenyewe. Tukamwambia, binti yake akitufasiria, kwamba jana tulikihukumu chakula chake kabla ya kumuuliza mwenyewe, na kwamba dini yetu haikututuma hivyo. Lilikuwa kosa letu, na tunaomba radhi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maneno machache, na binti yake akayafasiri: "Basi ingieni. Bado nina matango mawili."

Hivyo ndivyo tulivyojifunza saladi ya matango ya Kijerumani, kwa mikono ya mwenyewe.

Saladi hii kwao ni nini

Wajerumani huiita Gurkensalat, yaani saladi ya matango, na haikosekani katika nyumba nyingi hasa wakati wa joto. Kwao ni mfano wa kachumbari kwetu. Si chakula cha kushibisha; ni kitu baridi chenye uchachu kinacholiwa pamoja na kitu cha moto. Huliwa na samaki wa kukaanga, na viazi vya kuchemsha, na vile vinofu vya nyama ya kusaga vinavyokaangwa, ambavyo vinafanana na kotlesi zetu.

Kila upande wa nchi una desturi yake, kama vile pilau ya Lamu isivyokuwa pilau ya Mombasa. Kaskazini, alikotoka mkwe wetu, hupenda kuitia malai au maziwa yaliyochachuka, limau au siki, chembe ya sukari, na jani la shibiti kwa wingi. Kusini, katika Bavaria na Swabia, wengi hawatii maziwa. Huitengeneza kwa siki na mafuta, na wako wanaoichanganya na saladi yao ya viazi katika bakuli moja.

Matango yenyewe yana heshima yake katika nchi ile. Kusini mashariki mwa Berlin kuna bonde la Spreewald, lenye mifereji mingi ya maji, linalojulikana kote kwa achari zake za matango, na tangu mwaka 1999 jina hilo linalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya ili asilitumie mtu wa mahali pengine. Hata wakati wa kiangazi ambapo shughuli hupungua na magazeti hayana habari za kuandika, Wajerumani huuita msimu wa matango ya achari.

Wala si wao peke yao waliolioanisha tango na maziwa. Waturuki, ambao walianza kwenda Ujerumani kwa wingi baada ya mkataba wa wafanyakazi wa mwaka 1961, walikwenda na chakula chao cha cacık, ambacho ni tango na mtindi, kitunguu thomu na mnanaa. Katika mtaa mmoja wa Hamburg leo mama wa Kijerumani na mama wa Kituruki wanaweza kuwa wanakata tango saa ile ile, huyu akitia shibiti na yule mnanaa, na ukuta ni mmoja.

Nasi Waislamu tango si geni kwetu. Limetajwa katika aya ya 61 ya Suratul Baqara, miongoni mwa mazao waliyoyatamani Bani Israil. Na katika hadithi sahihi aliyoipokea Abdullah bin Jaafar (R.A.), imethibiti kwamba Mtume (S.A.W.) alionekana akila tango pamoja na tende mbichi zilizoiva. Wanazuoni wanaeleza kwamba tango lile la Hijazi lilikuwa la aina ndefu iliyopindika, jamaa ya haya tuyajuayo. Tulimsimulia mkwe wetu jambo hili tulipokuwa jikoni. Alifungua boksi letu, akachukua tende moja na kipande cha tango, akavitia kinywani pamoja, akatafuna kwa makini kama mtu anayepima dawa. Kisha akachukua tende ya pili.

Mahitaji

Kwa watu wanne hadi sita:

Matango makubwa mawili, yaliyo magumu na mabichi.
Kijiko kimoja kidogo cha chumvi.
Mtindi mzito, kikombe kimoja kisichojaa. Wao hutumia malai yaliyochachuka. Sisi tutaeleza namna ya kupata badala yake.
Maji ya limau au ndimu, vijiko viwili vikubwa.
Sukari, kijiko kimoja kidogo.
Nusu ya kitunguu maji kidogo, kikatwe chembamba sana. Asiyekitaka akiache.
Pilipili manga ya kusaga, kidogo.
Shibiti mbichi iliyokatwakatwa, vijiko viwili vikubwa au zaidi.

Kuhusu mtindi: chukua mtindi wa dukani usiotiwa sukari wala ladha, au maziwa yaliyogandishwa nyumbani, uumimine katika kitambaa safi cha melimeli kilichotandazwa juu ya chujio, uuache kwenye friji saa tatu au nne. Maji yatachuruzika chini na juu utabaki mtindi mzito kama malai. Walioko Ulaya wasome maandishi ya kopo, kwani baadhi ya mitindi na malai ya madukani hutiwa jelatini ya kugandishia, na huenda ikawa ya nguruwe.

Kuhusu shibiti: ni jani linalofanana sana na la shamari, lakini harufu yake ni nyepesi zaidi. Asiyelipata atumie kotmiri au majani machache ya mnanaa. Saladi itakuwa nzuri, ingawa mwenye asili yake atajua kwamba haikutoka Hamburg.

Namna ya kutengeneza

Kwanza, osha matango na uyaonje. Kata ncha ya upande wa kikonyo na uitie ulimini, maana uchungu wa tango hukaa zaidi upande huo. Likiwa chungu kidogo, punguza kipande zaidi; likiwa chungu sana, lisiliwe. Matango yetu ya sokoni mara nyingi yana ganda gumu, basi yamenye. Yakiwa yamekomaa na mbegu zake ni kubwa, yapasue kwa urefu na uzikwangue mbegu kwa kijiko.

Pili, kata. Hapa ndipo penye siri ya kwanza. Vipande viwe vyembamba kadiri ya uwezo wako, vyembamba kama karatasi ngumu. Wao wana kifaa maalumu, kibao chenye wembe katikati, na jina lake kwa lugha yao maana yake ni randa ya matango, kwa kuwa kinafanya kazi kama randa ya seremala. Mwenye kibao cha namna hiyo akitumie kwa hadhari, vidole vikae mbali. Asiyekuwa nacho, kisu kikali na subira vinatosha.

Tatu, tia chumvi. Weka vipande katika chujio, nyunyiza chumvi, changanya kwa mkono taratibu, weka bakuli chini yake, kisha uondoke. Dakika ishirini au thelathini. Usiyafanyie kitu. Tango ni maji karibu yote, sehemu tisini na tano katika mia, na chumvi huyavuta maji hayo nje. Mtu akilipita jambo hili, maji yatatoka baadaye ndani ya bakuli la saladi, na mtindi wake utakuwa mchuzi mwepesi usio na ladha. Sisi tulitaka kuyakamua baada ya dakika tano, na mkwe wetu akatupiga mkono kwa kijiko cha mti. Hatukuhitaji mfasiri.

Nne, kamua. Chukua vipande konzi baada ya konzi, ukamue kwa viganja kwa upole mpaka maji yaishe kudondoka. Usiyasokote kama nguo, yatavunjika. Wenye maradhi ya shinikizo la damu, na wale waliozidisha chumvi, wayasuuze kwanza kwa maji baridi kisha ndipo wakamue.

Tano, tengeneza kichanganyio. Katika bakuli jingine koroga mtindi, limau, sukari na pilipili manga. Onja. Uchachu utangulie, utamu ufuate kwa mbali. Usitie chumvi nyingine, kwani matango yamekwisha kuibeba. Watu wetu wengi wataiona sukari kuwa ni kioja katika saladi. Tunawaomba waitie, japo nusu kijiko, kwa kuwa ndiyo inayoutuliza ukali wa limau.

Sita, changanya matango, kitunguu na shibiti na kichanganyio hicho, uiweke kwenye friji robo saa, kisha iandaliwe. Saladi hii haingojei. Ikikaa muda mrefu hutoa maji tena. Na kwa joto letu la pwani, chakula cha mtindi kisiachwe juu ya meza zaidi ya saa moja.

Anayetaka ile ya kusini, afuate hatua nne za mwanzo, kisha badala ya mtindi atie vijiko vitatu vikubwa vya siki, vijiko viwili vya mafuta ya alizeti, sukari kijiko kidogo, kitunguu na pilipili manga. Hii ni nyepesi zaidi, na inafaa sana kwa samaki wa kukaanga.

Suala la siki

Tumelitaja neno siki, na tunajua kalamu za wasomaji zimekwisha inuliwa. Siki kwa asili yake ni chakula kilichosifiwa. Imepokewa kutoka kwa Jabir (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliwauliza watu wa nyumbani kwake kitoweo, wakamwambia hawana ila siki, akaitisha, akawa anaila huku akiisifu kuwa ni kitoweo kizuri.

Mjadala upo katika siki iliyotokana na mvinyo. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, Mwenyezi Mungu amrehemu, mvinyo ukigeuka siki wenyewe, bila ya kutiwa kitu, siki hiyo ni tohara na ni halali. Ama ukigeuzwa kwa kutiwa kitu ndani yake, haitohariki. Wanazuoni wa Hanafi wao wanaona kwamba kikishageuka kikawa siki, hukumu yake imegeuka pamoja nacho, kwa njia yoyote kilivyogeuka. Ndiyo maana ndugu zetu wa Kituruki, ambao wengi wao ni Hanafi, huenda ukawaona wakiitumia siki ambayo wewe umeiacha. Usimkemee mwenzako kwa jambo ambalo maimamu wamekhitilafiana.

Kwa nyumba zetu njia nyepesi iko wazi: tumia siki ya tufaha au siki ya nazi ambayo unajua ilivyotengenezwa, au tumia ndimu ya kwetu, na moyo utulie. Saladi haipungui kitu. Mkwe wetu mwenyewe, baada ya malimau yale matatu, alituambia kwamba huenda asirudie siki.

Tulipoileta nyumbani

Tuliporudi Mombasa tulitaka kuionyesha nyumba yetu elimu mpya. Tukanunua matango, tukayakata kwa mikono yetu, na wenye nyumba wakiangalia kwa stara. Tulipofika kwenye hatua ya chumvi tukaanza kueleza kwa fahari kwamba Wajerumani wana hekima hii ya kutia chumvi na kungoja. Mama watoto akatutazama, akasema:

"Na vitunguu vya kachumbari unadhani tunavifanya nini miaka yote hii?"

Kweli, ndugu zetu. Kila mama wa pwani anajua kuvivuruga vitunguu kwa chumvi, kuviacha, kisha kuvikamua na kuviosha ili ukali utoke. Marehemu mama yetu alifanya hivyo kila Ijumaa mbele ya macho yetu. Tulisafiri mpaka kando ya mto Elbe kuona jambo lililokuwa likifanyika jikoni mwetu, kwa kuwa hatukupata kuliangalia. Tumelitaja hili kwa sababu mke wa mpwa wetu, alipokuja kututembelea baadaye, aliingia jikoni na mama watoto akiwa hajui la kuzungumza. Mmoja alikuwa anakamua vitunguu, mwengine akaomba bakuli akaanza kukamua matango. Tuliwasikia wakicheka. Siku ile tulikula changu wa kukaanga, muhogo wa kuchemsha, kachumbari na saladi ya matango, na hakuna kilichobaki.

Kuuliza kabla ya kuhukumu

Turudi kwenye swali la akina mama: tule nini kwa wakwe zetu, na tuache nini? Halali na haramu zimebainishwa, na Mwislamu hatakula haramu kwa kumstahi mtu. Nyama ya nguruwe ni haramu Hamburg kama ilivyo haramu Kibokoni. Lakini baina ya chakula na hukumu yake pana swali, na swali ndilo tuliloliruka.

Mtume wetu (S.A.W.) hakuwa akikitia chakula ila. Akikipenda alikila, na asipokipenda alikiacha. Na alipoandaliwa nyama ya kenge wa jangwani na asiile, Khalid bin Walid (R.A.) alimuuliza kama ni haramu. Akamfahamisha kwamba si haramu, ila mnyama huyo hakuwako katika ardhi ya watu wake, na nafsi yake haikumtaka. Basi Khalid akaila, naye Mtume akimtazama. Angalieni adabu iliyomo: aliacha, akaeleza sababu, wala hakumvunjia heshima aliyepika wala hakumzuia anayekula.

Kwa hivyo nasaha yetu ni hii. Ukiandaliwa chakula usichokijua, uliza kwa uso mkunjufu, "Kimetiwa nini?" Usianze na "Je, ni halali?" kwa mtu asiyelijua neno hilo, kwani huenda akadhani unamwita mchafu. Akikwambia kilichotiwa, utajua mwenyewe. Ikiwa hakifai, shukuru, eleza kwa maneno mafupi, ule kingine. Ikiwa kinafaa lakini hukukizoea, onja japo kijiko kimoja kwa ajili ya moyo wa aliyepika. Na ukiweza, uliza kabla ya siku yenyewe, kama alivyofanya yule mama asiyekuwa wa dini yetu, aliyepiga simu Ijumaa kwa ajili ya Jumapili. Katika jambo lile yeye alitutangulia kwa adabu, na tunaliandika hili bila ya kuona haya.

Na wewe mama mkwe uliyeletewa mkaza mwana kutoka mbali, tunakuusia jambo moja zaidi. Siku atakapotia mguu jikoni mwako na kupika kitu cha kwao, usikae sebuleni ukingoja kukihukumu. Ingia naye. Muulize huu ni mchuzi gani, na mama yake aliutia nini. Binti aliyesilimu ameacha mengi nyuma yake. Ladha ya jikoni mwa mamake, iliyo halali, hakuna sheria iliyomwamuru kuiacha.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atusamehe dhana zetu mbaya, azibariki meza zetu na wageni wetu, amwongoze mkwe wetu yule na amlipe kheri kwa ukarimu wake, na amkuze yule mtoto katika dini na katika mapenzi ya pande zake mbili. Amin.

Tukijaaliwa uhai tutakutana wiki ijayo, inshaAllah. Wabillahi tawfiq.